Paka wakali wasiohasiwa kwenye nyumba ya familia: anzeni hapa

Ukiingia kwenye nyumba ya familia yenye paka watatu au wanne ambao hakuna aliyehasiwa, pua inakupa habari mapema. Miguu ya makochi na kingo za milango zina mkojo uliokaukia, watoto wana mikwaruzo mikononi, usiku madume wanapiga mayowe, na kila mtu ana hakika kwamba chanzo ni paka wa mwenzake. Shangazi anamlaumu dume wa kaka. Kaka anasema dume wake alikuwa mpole mpaka shangazi alipoleta jike. Mjadala huo hauna faida, kwa sababu paka wote hao wanasukumwa na homoni. Hasini wote, si yule mkali peke yake, na mpaka siku ya upasuaji ifike watenganisheni kwa milango iliyofungwa. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufanya mambo hayo mawili bila mtu wala paka kuumia.

Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, yaani wakati nyumba nzima bado inamwita kitoto. Dume huanza kubalehe kwenye miezi 5 au 6 hivi. Wala msitegemee undugu: paka wa tumbo moja hupandana, na mtoto humpanda mama yake. Jike akiingia kwenye joto hulia kwa sauti nzito ya kuvuta, hugaagaa sakafuni, na ukimgusa mgongoni huinua kiuno na kusogeza mkia pembeni. Wengi hudhani anaumwa tumbo. Joto hilo hudumu kama wiki moja, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa mayai ya paka huachiwa baada ya kupandwa. Ndiyo maana kumfungia jike chumbani "mpaka joto liishe" hakumalizi kitu. Mnapumzika siku chache, kisha anaanza upya, na madume wa ndani pamoja na mashume wa nje wanarudi kwenye vita. Akishika mimba huibeba kwa wiki 9 hivi, na anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha.

Kuhusu mkojo, angalieni namna unavyotoka, maana kuna mambo mawili tofauti. Paka anayeweka alama husimama, hugeuza makalio ukutani, huinua mkia wima ukitetemeka kwenye ncha, na kurusha mkojo kidogo kwenye kitu kilichosimama: ukuta, pazia, begi la shule. Huyo anatangaza eneo lake. Paka anayechuchumaa na kuacha dimbwi juu ya zulia au kitanda ana tatizo jingine: choo kichafu, hofu ya kukifikia, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Na dume anayechuchumaa mara kwa mara, anajikamua, analia na hatoi chochote, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Huenda mrija wake wa mkojo umeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Ukali nao si wa aina moja

Dume kwa dume ndio unaojulikana zaidi. Hauanzi na kelele. Huanza na macho. Mmoja anakaa katikati ya korido, kichwa kimeinama kidogo, anamkazia mwenzake macho bila kupepesa, na yule mwingine anageuka na kurudi alikotoka. Watu wakiona hivyo husema paka wametulia, kumbe mmoja ameshanyimwa njia ya kwenda kwenye chakula na choo. Baada ya hapo masikio hugeuka pembeni, mkia hupigapiga chini, na ndipo inakuja ile sauti ndefu ya kupanda na kushuka.

Jike aliyezaa ana ukali wake, na huo ni halali yake. Mpeni chumba au kona yenye boksi, na watu wasiozidi wawili wa kumhudumia. Watoto wasiguse vitoto mpaka mama mwenyewe aanze kuviacha kwa muda na kutembea. Ukali huo hupungua kadiri vitoto vinavyokua, na anaweza kuhasiwa mara vikishaachishwa kunyonya.

Lakini ukali unaoweza kuwapeleka watu hospitali bila kutarajia ni ule unaohamishwa. Paka yuko dirishani, anamwona shume uani. Hawezi kumfikia, mwili wake mzima umeshakaa tayari kwa vita, na hapo mtoto anapita na kumshika mgongoni. Anayeumwa ni mtoto. Paka hakumpangia ubaya, aliyekuwa karibu ndiye aliyepata. Paka aliyefikia hali hiyo anaweza kubaki na moto huo kwa saa kadhaa, wengine mpaka siku ya pili, kwa hiyo kumbembeleza ni kosa. Zimeni taa, fungeni chumba, mwacheni na maji na choo, mtu asiingie mpaka atoke mwenyewe kula kwa utulivu. Kisha zibeni sehemu ya chini ya dirisha hilo kwa karatasi nzito au kitambaa, mpaka asiweze kuona uani akiwa amekaa. Ni kazi ya dakika kumi, na kwenye nyumba zenye mashume nje sioni hatua nyingine ndogo yenye faida kubwa kama hiyo.

Paka mpole aliyegeuka mkali ghafla, hasa wa umri mkubwa, achunguzwe maumivu kabla ya jambo jingine lolote. Jino bovu, viungo vinavyouma, au jipu lililojificha chini ya manyoya vinaweza kumfanya amng'ate anayemgusa.

Wakishikana

Msiingize mikono. Msimshike ukosi, kwa kuwa paka mzima aliyepandwa na hasira hugeuka ndani ya ngozi yake na kukung'ata kifundo cha mkono. Msipige teke wala fimbo, maana atayafunga maumivu hayo na yule paka mwenzake na kumchukia zaidi. Kinachofaa ni kitu kipana cha kuwakata macho: kipande cha boksi gumu, mto wa kochi, trei kubwa. Kisukumeni katikati yao kutoka juu. Kama hakipo, gonganisheni vifuniko viwili vya sufuria, au tupeni blanketi juu yao. Wakiachana, msimfuate yeyote. Fungeni mlango kati yao. Kila nyumba yenye ugomvi huu inapaswa kuwa na kipande cha boksi na blanketi zito vinavyokaa mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, hadi mgeni.

Mtu aking'atwa na paka, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Chonge za paka ni nyembamba, zinaingia kwa kina na kuacha kitundu kidogo kinachojifunga haraka na vijidudu ndani. Kwa hiyo jeraha la paka linaloonekana dogo linaweza kuvimba na kuwa jekundu ndani ya siku moja. Jeraha la mkononi au karibu na kiungo liende hospitali siku hiyohiyo, msisubiri uvimbe. Huko waelezeni kama mtu amepata chanjo ya pepopunda na kama paka ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Mahali penye kichaa cha mbwa, matibabu ya kinga yasicheleweshwe. Paka mwenyewe afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, asiuawe wala kufukuzwa, kwa sababu hali yake katika siku hizo humsaidia daktari kuamua kama sindano ziendelee.

Paka naye akaguliwe kwa vidole, taratibu, akishatulia. Jipu la kung'atwa huwa halionekani siku ya ugomvi. Hutokea baada ya siku mbili hadi tano, mara nyingi shavuni, mguuni au kwenye shina la mkia, likiwa na joto na paka amepoteza hamu ya kula. Msilikamue nyumbani. Na kamwe msimpe dawa ya maumivu ya binadamu: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na aspirini na ibuprofeni nazo ni hatari kwake.

Kuwatenganisha bila kugombana watu

Nyumba ya familia ina watu wengi wanaofungua milango, na hapo ndipo mipango mingi huharibikia. Amueni paka gani anakaa chumba gani, na muandike kwenye karatasi inayobandikwa mlangoni usawa wa macho: jina la paka, nani anamlisha, saa ngapi, na nani anasafisha choo leo. Kama mpo na watoto wadogo, wekeni komeo la juu. Kama vyumba havitoshi, wapeni zamu: dume mmoja sebuleni asubuhi, mwingine jioni, na kabla ya kumtoa wa pili mhakikishe kwa macho kwamba wa kwanza yuko ndani. Jike asiyehasiwa asikae na dume yeyote asiyehasiwa hata kwa dakika chache, kwa kuwa tendo lenyewe huisha haraka kuliko mtu anavyoweza kuvuka sebule.

Idadi ya trei za choo ni idadi ya paka na moja zaidi. Paka watatu, trei nne, tena sehemu tofauti. Trei nne zilizopangwa mstari mmoja bafuni ni choo kimoja tu machoni pa paka, maana dume mmoja anaweza kuzilinda zote kwa kukaa mlangoni. Kila trei iwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia. Beseni pana la kufulia lililokatwa upande mmoja linafaa kuliko trei nyingi za dukani. Mchanga usio na manukato, kina cha sentimita 5 hivi, kinyesi kitolewe kila siku. Usafi wa kila siku una sababu nyingine: vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kudhuru mimba ya binadamu, vikitoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano ndipo viweze kuambukiza. Mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa, apewe mtu mwingine. Vyombo vya chakula navyo viwe mbali na trei, na paka wasionane wakila.

Kuhasi

Ugumu hapa mara nyingi ni idhini. Paka wa bibi ni wa bibi, na huwezi kumbeba kinyemela kwenda kwa daktari halafu utegemee amani. Zungumzeni naye kwa heshima na mumweleze mambo anayoyaona mwenyewe: vitoto visivyopata wa kuvichukua, dume anayerudi na macho yamefura, mkojo mlangoni pake. Wazee wengi huhofia kwamba paka aliyehasiwa hatakamata panya. Uwindaji wa paka hautokani na korodani, na majike, wasio na korodani, wanawinda vizuri. Wapo pia wanaosema jike lazima azae mara moja kwanza ndipo ahasiwe. Hakuna faida yoyote ya kiafya katika hilo. Kinyume chake, jike anayehasiwa kabla ya joto la kwanza hupunguza sana hatari ya saratani ya matiti. Kuhusu gharama, mchango wa wote ni haki kuliko kumbebesha mwenye paka peke yake, kwa sababu vurugu na harufu ni za nyumba nzima.

Kama hamuwezi kuwahasi wote kwa pamoja, ningeanza na madume. Upasuaji wao ni mfupi, vidonda viwili vidogo ambavyo kwa kawaida havishonwi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Jike hufunguliwa tumbo au ubavu, kwa hiyo anahitaji muda zaidi wa kupona. Madume wawili wanaopigana wapelekwe siku moja. Akienda mmoja, atarudi ananuka dawa, mwenzake anaweza asimtambue, na ugomvi ukaanza upya hata kati ya paka waliokuwa wanalala pamoja.

Dume mkali hakamatwi asubuhi ya safari. Wekeni boksi la kubebea wazi ndani ya chumba chake wiki moja kabla, mmlishe humo kila siku, na siku ya safari fungeni mlango nyuma yake. Boksi linalofunguka juu ni bora, maana daktari anaweza kumdunga sindano ya usingizi bila kumvuta nje. Asiyeshikika kabisa hukamatwa kwa mtego wa kreti. Ulizeni kwa daktari kama anaazimisha. Akishaingia, funikeni mtego kwa shuka, gizani atatulia. Paka mzima kwa kawaida hanyweshwi maziwa wala kulishwa usiku wa kuamkia upasuaji, ila maji anaachiwa. Kitoto hukaa na njaa saa chache tu, kwa kuwa sukari ya mwili wake hushuka haraka. Fuateni saa aliyowapa daktari wenu. Mwombeni pia apime virusi vya upungufu wa kinga ya paka kwa damu ya siku hiyo. Virusi hivyo huenezwa hasa kwa kung'atana, haviwaambukizi watu, na matokeo yake yatawasaidia kuamua nani akae na nani.

Baada ya upasuaji, chumba chenye joto, kitanda cha chini, na karatasi zilizochanwa badala ya mchanga kwa siku chache ili vumbi lisiingie kidondani. Jike avae kola ya plastiki asilambe nyuzi, na asirukeruke kwa siku 10 hadi 14. Uvimbe unaokua, usaha, au paka asiyekula siku inayofuata ni sababu ya kumpigia daktari simu.

Sasa kuweni na subira ya kweli. Homoni za dume hazitoki mwilini siku ya upasuaji, na mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Mtengeni na majike wasiohasiwa kwa wiki sita kwa usalama. Kuzurura, kupigana na kurusha mkojo hupungua sana kwa madume wengi, baadhi ndani ya wiki chache, wengine kwa miezi. Kama dume mmoja kati ya kumi huendelea kuweka alama hata hivyo. Aliyepigana kwa miaka mingi amejifunza kupigana, na kisu hakiondoi mazoea. Punguzeni chakula pia kwa karibu robo, maana mwili wa paka aliyehasiwa hutumia nguvu kidogo huku hamu ya kula ikipanda.

Kuwarudisha pamoja

Anzeni na harufu. Futeni mashavu ya mmoja kwa soksi safi, iwekeni chini ya sahani ya mwenzake, na kinyume chake, kila siku. Kisha walisheni pande mbili za mlango uliofungwa, kwanza mita mbili kutoka mlangoni, mkisogeza sahani kidogo kidogo. Wakila sahani zikiwa zimegusa mlango bila kunguruma, fungueni upenyo wa vidole viwili, au wekeni wavu, wale wakionana. Baada ya hapo chumba kimoja, dakika tano, watu wawili, kila mmoja na paka wake na kitu kitamu, na kipande cha boksi karibu. Wakianza kukazana macho, waiteni kwa chakula na mmalize kabla ya sauti. Wakifoka, rudini hatua moja nyuma na mkae hapo siku kadhaa. Kazi hii huchukua wiki, si siku, na huharibiwa na mtu mmoja mwenye haraka anayefungua mlango "tuone itakuwaje."

Wakati huohuo safisheni alama zote za zamani, la sivyo harufu itawaita tena. Msitumie klorini: ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha mapafu. Dawa yenye amonia nayo hunuka kama mkojo kwa paka. Changanyeni sabuni ya unga yenye vimeng'enya, sehemu moja kwa maji tisa, sugueni, suuzeni kwa maji safi, acheni pakauke, kisha pitisheni spiriti baada ya kujaribu sehemu iliyojificha ili rangi isitoke. Harufu ikiwa ndani ya sponji ya kochi, sabuni lazima ilowe mpaka pale mkojo ulipofika, si juu ya kitambaa tu.

Dume aliyehasiwa miezi miwili iliyopita ambaye bado ananuka vikali na kupanda majike arudi kwa daktari. Huenda korodani moja haikushuka, ikabaki tumboni. Daktari ataangalia uume wake: dume mwenye homoni ana vimiba vidogo juu yake, na vimiba hivyo hupotea wiki kadhaa baada ya kuhasiwa kikamilifu. Jike aliyehasiwa akiingia tena kwenye joto, huenda kipande cha ovari kilibaki. Mambo hayo yote mawili hurekebishwa.

Na wapo paka wawili ambao, baada ya kuhasiwa, kupimwa na kurudishwa kwa utaratibu, bado hawawezi kuishi nyumba moja. Hapo mmoja atafutiwe nyumba isiyo na paka wengine, akiwa ameshahasiwa na kuchanjwa, na anayempokea aambiwe ukweli wote: alimng'ata nani, lini, na alikuwa ameona nini kabla ya kung'ata.